Nani Alitangulia Kuandikwa: Tororo na Busia katika Majarida ya Sayansi

Msafiri atokaye pwani kwenda Kampala huijua Tororo kwa lile jabali lake lisimamalo peke yake juu ya mji, na kwa vumbi la kiwanda cha saruji; na Busia huijua kwa kuwa ni miji miwili yenye jina moja, mmoja wa Kenya na mmoja wa Uganda, iliyotenganishwa na forodha tu, ambapo waendesha baiskeli waliobeba abiria na mizigo kutoka lango hata lango waliasisi biashara ya bodaboda kabla miji mikubwa haijaisikia. Sifa hizo ni za haki, wala sina nia ya kuzipunguza. Lakini nchi hii ya Wasamia, Waiteso na Wajopadhola ina sifa nyingine ambayo wenyeji wake wengi hawaijui, nayo ni kwamba kwa muda wa zaidi ya miaka mia moja imekuwa ikiandikwa katika majarida ya elimu ya tiba, ya mifugo na, katika zama zetu hizi, ya uchumi, kwa wingi usiolingana hata kidogo na udogo wake katika ramani. Hata mwanafunzi wa chuo kikuu cha Ulaya asiyeweza kuonyesha mpaka wa Malaba uko wapi huenda akawa amekwisha kuitaja Busia katika insha yake mara tatu.

Jambo la kuhesabu maandishi ya wataalamu, na kuhesabu mara ngapi kila andiko limetajwa na maandishi yaliyolifuata, halikuanza zamani sana. Mmarekani Eugene Garfield alilipendekeza katika jarida la Science mwaka 1955, na kufikia mwaka 1964 taasisi yake huko Philadelphia ilikuwa ikitoa kwa utaratibu fahirisi kubwa iliyomwezesha mtu kuanza na makala ya zamani na kuona ni nani na nani waliokuja kuitegemea. Muda mfupi kabla ya hapo mwanahistoria Derek de Solla Price alikuwa amekwisha kubainisha kwamba maandishi ya sayansi huongezeka maradufu kila baada ya miaka kumi hadi kumi na mitano, ongezeko ambalo hakuna msomaji awezaye kulifuata kwa macho yake mawili. Kwa msomaji wa pwani yetu jambo hili si geni kama linavyodhaniwa, kwa kuwa maulamaa wa Lamu na Unguja walizoea tangu kale kuipima habari kwa isnadi yake, fulani kutoka kwa fulani kutoka kwa fulani, wakajua kuwa mnyororo ukikatika mahali pamoja habari nzima hudhoofika. Tofauti ni kwamba katika isnadi kila mpokezi hutajwa na tabia yake huchunguzwa, ilhali katika fahirisi ya Philadelphia aliyeishika habari kwa mikono yake mwanzo kabisa, naye ndiye aliyemfunga ng'ombe kamba na aliyewakusanya nzi, aghalabu hamo. Historia nitakayoisimulia ni ya mambo hayo mawili pamoja: nini kiliandikwa kuhusu Tororo na Busia, na jina la nani lilitangulia.

Maandishi hayo yalianza kwa msiba. Mwanzoni mwa karne ya ishirini ugonjwa wa malale uliwaangamiza watu wa ukingo wa ziwa, kuanzia Busoga hadi Usamia na visiwa vilivyo mbele yake, na makadirio yanayokubaliwa kwa kawaida ni kwamba waliokufa katika miongo miwili walizidi 250,000. Chama cha Royal Society cha London kilituma tume Entebbe mwaka 1902. Kijana wa Kiitaliano Aldo Castellani akaona vimelea katika maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa, na David Bruce, aliyewasili mwaka 1903, akathibitisha kuwa mbung'o ndiye mchukuzi. Ili kuyathibitisha hayo Bruce alihitaji nzi kutoka kila upande wa nchi, naye alimwendea Apolo Kagwa, Katikiro (waziri mkuu) wa Buganda, ambaye kwa amri yake machifu waliwatuma watu wao wakakusanya wadudu wanaouma, pamoja na habari za vijiji vilivyokuwa na wagonjwa, na ramani iliyochorwa kwa nzi hao ikaonyesha kwamba palipo mbung'o ndipo palipo malale. Sidhani katika historia ya tiba ya nchi zetu kuna kazi iliyofanywa na mikono mingi kama ile na kuandikwa kwa majina machache kama yale. Na hao wachache wenyewe hawakusikilizana, kwani mwaka 1908 ugomvi wa nani aliyetangulia kugundua, Castellani au Bruce, ulimwagika hadharani katika kurasa za gazeti la The Times, huku Gavana Hesketh Bell akiwa amekwisha kuwahamisha watu wa ukingo kwa amri, wakiziacha nyumba, mitumbwi na migomba yao nyuma.

Miaka ikapita. Utafiti wa mbung'o ukahamia kusini, Shinyanga katika Tanganyika, ambako C. F. M. Swynnerton aliishi na nzi hao kwa miaka mingi, akaandika kitabu chake kikubwa mwaka 1936, kisha akafa katika ajali ya ndege mwaka 1938. Baada ya vita, serikali za Kenya, Uganda na Tanganyika zilipounganisha baadhi ya shughuli zao chini ya Kamisheni Kuu ya Afrika Mashariki mwaka 1948, utafiti wa malale na wa nagana, yaani malale ya mifugo, ukawa miongoni mwa shughuli hizo, na hatimaye makao yake yakajengwa karibu na vilima vya Sukulu, nje kidogo ya mji wa Tororo. Shirika lililofanya kazi hiyo ndilo lililojulikana kwa herufi za jina lake la Kiingereza, EATRO.

Hapa inafaa kukaa kidogo, maana kilichofanyika Sukulu ni cha ajabu na hakijapewa stahili yake katika vitabu vya shule. Vimelea vya malale vina hila: kila mwili wa mgonjwa unapojifunza kupambana navyo, hubadilisha joho lao la nje na kuwa kama vigeni vipya, na mtafiti aliyekuwa akivihifadhi kwa kuvihamisha kutoka panya hadi panya aligundua kwamba baada ya miezi michache alichonacho si kile alichokitoa kwa mgonjwa. Chini ya uongozi wa W. H. R. Lumsden, aliyekuwa mkurugenzi tangu mwaka 1957 hadi 1963, watafiti wa Tororo, M. P. Cunningham akiwa mmoja wao, waliitengeneza njia ya kuvigandisha vimelea hivyo vikiwa hai katika mirija myembamba, katika baridi ya barafu ya kaboni, nyuzi 79 chini ya sifuri, ili kila sampuli ibaki kama ilivyokuwa siku ya kutolewa, yenye namba yake na daftari lake linaloeleza ilitoka kwa mnyama gani, mahali gani, mwaka gani. Makala iliyoieleza njia hiyo ilitoka mwaka 1963. Kutokana nayo pakawa na hazina ya vimelea vilivyohesabiwa kwa herufi za shirika na namba, EATRO kadha wa kadha, na mirija ikasafirishwa kwenda Ulaya na Marekani kwa yeyote aliyeihitaji.

Mfano mmoja unatosha. Mwaka 1966 nchini Uganda vimelea vilichukuliwa kutoka katika damu ya pongo, vikaandikwa EATRO 1125, vikafika Antwerp, na huko Ubelgiji vikazaa kizazi cha maabara kilichotumiwa katika uchunguzi wa lile joho linalobadilika. Hata leo, makala za biolojia ya seli zinazotoka katika vyuo ambavyo havina mtu aliyewahi kukanyaga Tororo huandika katika sehemu ya mbinu kwamba vimelea vilivyotumika ni vya EATRO 1125, na msomaji hupita herufi hizo kama apitavyo namba ya kiwanda kwenye chupa. Hesabu ya kutajwa haizioni, maana fahirisi huhesabu makala zilizoorodheshwa katika marejeo, wala haihesabu mirija. Shirika limekwisha kuvunjika, lakini jina lake linaendelea kuchapishwa kila mwaka. Kama kuna mtu atakaye kupima athari ya Tororo katika sayansi ya dunia, na aanze hapo, si katika idadi ya makala.

Kutoka Sukulu hadi Alego si mbali. Huko, upande wa Kenya, kulikuwa na swali lililowasumbua wataalamu tangu siku za Bruce: malale ya aina hii ya mashariki, iuayo kwa haraka, hujificha wapi katika miaka ambayo hakuna mgonjwa? Mwaka 1958 R. B. Heisch na wenzake walitangaza katika jarida la madaktari wa Uingereza kwamba vimelea walivyovitoa kwa pongo katika nchi ya Nyanza ya Kati vilimwambukiza mtu aliyejitolea, na kwa hiyo wanyama wa porini wakahesabiwa kuwa wenye hatia. Lakini Alego haikuwa pori. Wagonjwa walipatikana nyumbani, wanawake na watoto miongoni mwao, na mbung'o walikuwa katika vichaka vya lantana vilivyozunguka maboma. Ndipo R. J. Onyango, pamoja na K. van Hoeve na P. de Raadt, wote wa kazi ya EATRO, wakawachunguza ng'ombe, wakavitoa vimelea katika damu yao, na wakaonyesha kwamba ng'ombe wa kufugwa anaweza kubeba vimelea viwezavyo kumwambukiza binadamu. Makala yao ilitoka mwaka 1966 katika jarida la chama cha tiba ya nchi za joto cha London, na jina lililotangulia lilikuwa la Onyango.

Naomba msomaji alipime jambo hilo kwa vipimo vya wakati wake. Kenya ilikuwa na miaka mitatu tu tangu uhuru. Majina ya Waafrika katika majarida ya London yalikuwa ya kuhesabika. Na fikra iliyobebwa na makala ile, kwamba hatari haiko msituni bali imefungwa kwenye nguzo nyuma ya nyumba, ilikuwa na gharama ya siasa, kwa sababu ingalifuatwa mpaka mwisho ingaliamuru kutibiwa kwa ng'ombe wa mkoa mzima. Haikufuatwa. Ilitajwa hapa na pale na wenye kujua, kisha ikakaa kimya.

Ukimya huo ulikuwa na sababu zake. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na EATRO ikavunjika pamoja nayo, kazi ya upande wa Kenya ikaangukia taasisi mpya iliyoitwa KETRI, yenye makao Muguga, na ya Tororo ikabaki mikononi mwa Uganda wakati ambapo serikali ya Idi Amin ilikuwa haina fedha wala utulivu wa kuitunza. Na kana kwamba ugonjwa ulikuwa ukingoja nafasi, malale yakalipuka tena Busoga kuanzia mwaka 1976, yakasambaa katika miaka ya 1980 hadi Tororo na Busia, wagonjwa wa upande wa Kenya wakipelekwa katika hospitali ya malale iliyokuwa Alupe, karibu na mji wa Busia. Mchoro wa makala za kisayansi kutoka Uganda katika miaka hiyo, kama mtu akiuchora, ungeshuka hasa wakati mchoro wa wagonjwa ulipopanda. Na kwa hilo tu tungejua kwamba wingi wa maandishi haufuati wingi wa maradhi, bali hufuata amani, umeme, na mishahara inayolipwa kwa wakati.

Makala ya 1966 ilirudi kwa kishindo. Mwishoni mwa mwaka 1998 malale yalitokea Soroti, kaskazini ya Tororo, mahali ambapo hayakuwa yakijulikana, na uchunguzi uliochapishwa katika Lancet mwaka 2001, jina la kwanza likiwa la Eric Fèvre, ulionyesha kwamba ugonjwa ulifuata mnada wa ng'ombe: wafugaji walionyang'anywa mifugo yao na wavamizi walikuwa wakinunua ng'ombe wapya kutoka kusini, nao wakaja na vimelea damuni. Mwaka huohuo, katika jarida hilohilo, Sue Welburn na wenzake walionyesha kwamba kuna jeni moja iwezayo kutumiwa kubainisha ni vimelea gani vya ng'ombe vitamdhuru mtu, bila ya haja ya kumdunga yeyote aliyejitolea. Katika orodha ya waandishi wa makala ya Soroti yumo Martin Odiit, yumo na Joseph Magona, wote wa taasisi ya Tororo iliyorithi majengo ya Sukulu, wakiwa katikati ya orodha, mahali ambapo kwa desturi ya majarida ya tiba hapana wa kwanza aliyefanya kazi wala wa mwisho aliyeiongoza. Na miongoni mwa waliowafungulia njia alikuwa Onyango, aliyekwisha kuwatangulia kwa miaka thelathini na mitano.

Sasa tuvuke mpaka hadi Busia ya Kenya, tutoke katika tiba tuingie katika uchumi. Mmarekani Michael Kremer alikuwa amefundisha shule huko Kakamega alipokuwa kijana, na aliporudi Kenya katikati ya miaka ya 1990 akiwa tayari ni mwanauchumi, alikutana na rafiki aliyekuwa akifanya kazi Busia na shirika la Kiholanzi lililojulikana kama ICS, ambalo lilikuwa likizisaidia shule kwa vitabu, sare na madawati. Kremer akamshauri rafiki yake kwamba, kwa kuwa shirika haliwezi kuzisaidia shule zote kwa pamoja, lichague za kuanza kwa utaratibu wa bahati, ili baadaye pawepo za kulinganisha. Kutokana na shauri hilo Busia ikawa maabara ya uchumi wa maskini. Vitabu vya kiada vikajaribiwa, na ikaonekana kwamba viliwanufaisha hasa wanafunzi waliokuwa wakifanya vizuri tangu mwanzo. Mbolea ikajaribiwa, chemchemi zikajengewa, wasichana wa shule wakaelezwa hatari ya UKIMWI kwa wanaume waliowazidi umri.

Jaribio lililoshinda yote kwa kutajwa lilikuwa la minyoo. Shule 75 za msingi katika tarafa za Funyula na Budalangi, zenye wanafunzi zaidi ya 30,000, ziliandikwa kwa alfabeti, zikahesabiwa moja, mbili, tatu, zikapata makundi matatu. Kundi la kwanza likapewa dawa mwaka 1998, la pili mwaka 1999, na la tatu likangoja hadi 2001. Dawa zilikuwa mbili, albendazole kwa safura na minyoo mingine ya tumboni, na praziquantel kwa kichocho katika shule ambazo ugonjwa huo ulikuwa mwingi, nazo nyingi zilikuwa karibu na ziwa. Edward Miguel na Kremer waliandika matokeo katika jarida la Econometrica mwaka 2004: utoro ulipungua kwa robo, na hata watoto ambao hawakumeza dawa, na shule jirani ambazo hazikupewa, zilinufaika, kwa kuwa mayai ya minyoo yalipungua ardhini. Alama za mitihani, kwa upande wao, hazikuonyesha nafuu, na waandishi walilisema hilo bila kuficha. Andiko la pili la mwaka 2007 lilikuwa na jambo ambalo kwa maoni yangu lina uzito zaidi kwa serikali zetu: wazazi walipotakiwa kuchangia fedha kidogo kwa ajili ya dawa, waliotumia walipungua kwa asilimia 80.

Makala ya 2004 ikawa miongoni mwa zile zitajwazo kwa maelfu, ikajenga misingi ya mashirika, ikaingia katika hoja za Kenya ilipoanza kutoa dawa za minyoo mashuleni kwa nchi nzima mwaka 2009. Kisha, mwaka 2015, watafiti wa chuo cha usafi na tiba ya nchi za joto cha London, Alexander Aiken na Calum Davey wakiwa mbele, waliichambua takwimu ileile upya na kuchapisha kwamba palikuwa na makosa ya hesabu katika masafa ya shule jirani, na kwamba baadhi ya matokeo yanadhoofika yakipimwa kwa njia ya wataalamu wa magonjwa badala ya njia ya wanauchumi. Magazeti yakauita ugomvi huo vita vya minyoo. Uchumi na tiba, elimu mbili zisizosoma majarida ya mwenzake, zilikutana Budalangi na kugundua kwamba hazikubaliani hata juu ya maana ya ushahidi. Na hapa hesabu ya kutajwa inadhihirisha udhaifu wake: kila aliyeipinga makala ile aliitaja, na kila kupingwa kuliongeza idadi ileile iliyoongezwa na kusifiwa. Mwaka 2019 Kremer alipewa tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo. Mwaka 2021 Joan Hamory na wenzake, Miguel na Kremer miongoni mwao, waliripoti kwamba wale watoto wa Busia, sasa watu wazima, waliopata miaka zaidi ya dawa walikuwa na matumizi yaliyozidi ya wenzao kwa asilimia 14. Na kuwapata watu hao miaka ishirini baadaye, wengine wakiwa Nairobi, wengine Uganda, ni kazi ya wasaili wa Kikenya, ambao waliwafuata mmoja mmoja kwa simu na kwa pikipiki.

Nimetaja kichocho, nacho chanitaka niseme neno juu ya ini. Mayai ya kichocho cha tumbo hukwama katika ini na kuliacha na makovu, na katika vijiji vya wavuvi vya ukingo huu wako watu wazima waliovimba matumbo kwa sababu hiyo. Dunia ina elimu kubwa ya maini bandia, yaani mashine ziwezazo kuisafisha damu ya mgonjwa ambaye ini lake limeshindwa: mashine ya Jan Stange na Steffen Mitzner iliyobuniwa Rostock, Ujerumani, mwaka 1993, na mfumo wa Li Lanjuan huko Hangzhou, China, ulioanza mwaka 1986. Wahesabuji wa makala wameichorea elimu hiyo ramani zake, na ramani hizo zina miji yenye vyumba vya wagonjwa mahututi na fedha za kuvijaza. Hilo si la kulaumu. Ila katika Funyula ini huokolewa mapema, kwa kidonge cha praziquantel kinywani mwa mtoto, na makala za kidonge na makala za mashine huishi katika fahirisi moja zisijuane kamwe.

Tororo yenyewe, malale yakipungua, ikapata umaarufu mpya. Makala ya mwaka 2006, ambayo mwandishi wake wa kwanza alikuwa Okello, ilihesabu maambukizo ya malaria katika sehemu saba za Uganda, ikakuta kwamba mtu wa Tororo huumwa na mbu wenye malaria mara 562 kwa mwaka, na ni Apac peke yake iliyoizidi, kwa 1,586. Idadi hiyo ya kutisha ndiyo iliyowavuta watafiti wa Makerere na wenzao wa San Francisco. Katika miaka hiyohiyo shirika la TASO na wataalamu wa Marekani walikuwa wakipeleka dawa za UKIMWI nyumbani kwa wagonjwa wa Tororo kwa pikipiki, kila wiki, na makala yao ya Lancet ya 2008 ikatajwa palipobishaniwa kama Mwafrika wa kijijini anaweza kuzitumia dawa hizo kwa utaratibu.

Mwaka 2016 Abel Kakuru alitangulia orodha ya waandishi katika New England Journal of Medicine, kwa jaribio la wajawazito 300 wa Tororo waliopewa dawa mpya ya kuzuia malaria. Mwaka 2019 Richard Kajubi akatangulia katika Lancet, kwa wajawazito 782 wa Busia ya Uganda. Nyuma ya majina hayo, mahali pa mwisho pa orodha, pana wazee wa kazi, Moses Kamya wa Makerere na Grant Dorsey wa San Francisco. Mtu atakayesema kwamba tangu Apolo Kagwa hadi Kajubi hakuna kilichobadilika atakuwa hakusoma.

Lakini yasiyobadilika nayo yapo. Mwaka 2019 Bethany Hedt-Gauthier na wenzake walizipitia makala 7,100 za afya zilizoandikwa kuhusu nchi za Afrika kati ya 2014 na 2016, wakakuta kwamba zaidi kidogo ya nusu ya waandishi wa kwanza walitoka katika nchi iliyoandikwa. Palipokuwa na washiriki wa vyuo vikubwa vya Marekani, hisa hiyo ilishuka hadi asilimia 23. Kakuru na Kajubi, basi, si kawaida. Wamesimama dhidi ya mkondo, katika aina ya ushirikiano ambamo mkondo una nguvu zaidi.

Aidha kuna yale yasiyoingia katika hesabu ya mtu yeyote. EATRO ilikuwa ikitoa ripoti kila mwaka, zikiwa na matokeo ya majaribio, orodha ya mbung'o walionaswa, na majina ya mafundi na wasaidizi wa maabara ambao hawakuonekana katika jarida lolote la London. Ripoti hizo hazikuwa jarida, kwa hiyo fahirisi ya Garfield haikuzichukua. Chache zimesalia katika maktaba za Ulaya, nyingine Nairobi na Entebbe, na mtafiti wa Sukulu wa leo anayetaka kujua ni wanyama gani waliopimwa karibu na ofisi yake mwaka 1962 huenda ikampasa aombe nakala kutoka ng'ambo.